Je, Ukurasa Wako Umo Kwenye Faharasa?

Ndugu zangu wanablogu, wenye tovuti, na nyinyi mliolipia domeini, yaani jina la tovuti, mkaiacha ikae tu kwa kukosa la kuiandikia: asanteni kwa kuja, na asanteni waandaaji kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumze juu ya SEO, ile kazi ya kuifanya tovuti ionekane vizuri kwenye injini za utafutaji. Nianze kwa kuwakatisha tamaa kidogo. Sina siri ya kuwapa. Kama kuna mtu amekuahidi kwamba ukimlipa atakuweka nafasi ya kwanza Google, fahamu kwamba Google wenyewe wameandika waziwazi, kwenye maelekezo yao kwa wenye tovuti, kwamba hakuna awezaye kuihakikisha nafasi hiyo. Basi anayekuhakikishia anauza asichonacho.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nifanyeje niwe wa kwanza?" Nami huuliza: wa kwanza kwa swali gani? Kisha nauliza la pili: una hakika kwamba ukurasa wenyewe unajulikana? Wengi hawajawahi kuangalia. Mazungumzo yangu ya leo yamo ndani ya maswali hayo mawili, na nitaanza na la pili, kwa sababu ndilo watu huliruka.

Mtu anapoandika swali kwenye Google, Google haitoki wakati ule kwenda kuzunguka intaneti kumtafutia jibu. Inatafuta ndani ya faharasa, yaani orodha kubwa ya kurasa ilizozisoma na kuzihifadhi, ambayo imekwisha kuitengeneza. Kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kutambaa: programu iitwayo Googlebot inafungua ukurasa, inausoma, inafuata viungo ilivyovikuta humo, inafungua kurasa nyingine, na kuendelea. Ya pili ni kuingiza kwenye faharasa: ukurasa uliosomwa unachambuliwa ili ijulikane unahusu nini, kisha unahifadhiwa au unaachwa. Ya tatu ni kupanga nani awe juu na nani awe chini, na hiyo hufanyika pale mtu anapouliza. Tunapigania hatua ya tatu huku tumekwama kwenye ya pili, na wengine hata ya kwanza hawajaivuka.

Kuangalia si kazi. Andika kwenye kisanduku cha Google neno site, weka nukta mbili, kisha bila kuacha nafasi andika domeini yako. Utaona baadhi ya kurasa zako zinazojulikana. Hiyo ni picha ya harakaharaka tu, haitoi orodha kamili, kwa hiyo usiifanyie hesabu. Chombo chenyewe hasa ni Google Search Console, ambacho zamani kiliitwa Google Webmaster Tools hadi kilipobadilishwa jina mwaka 2015. Ni cha bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, ama kwa kuweka rekodi kwenye mipangilio ya domeini, ama kwa kupakia faili dogo kwenye seva, na baada ya hapo unafunguliwa ripoti ambazo hakuna mtu mwingine anayeziona. Kuna sehemu ya kukagua anwani moja moja: unabandika anwani, unaambiwa ukurasa umo au haumo kwenye faharasa, na kama haumo, kwa nini. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, wana chombo chao cha namna hiyohiyo, nacho ni bure. Asiye na Search Console naomba asiguse kitu kingine chochote kabla hajajisajili.

Sasa, kwa nini ukurasa usiwemo? Sababu ni nyingi, na nyingine zinachekesha.

Ya kuchekesha kuliko zote iko kwenye WordPress, ule mfumo wa kujengea tovuti. Ukienda kwenye mipangilio, sehemu ya usomaji, kuna kisanduku kidogo cha kuziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye faharasa. Fundi anayejenga tovuti hukiwekea alama ili kazi isionekane kabla haijakamilika, na yuko sahihi kabisa. Kazi inakwisha, tovuti inazinduliwa, picha za uzinduzi zinapigwa, na kisanduku kinabaki na alama yake. Mwenye tovuti anaandika makala baada ya makala, anashangaa mbona hapati hata msomaji mmoja kutoka Google. Kiangalieni leo, kabla hamjalala.

Ya pili inahitaji utulivu kidogo, kwa sababu hata mafundi huichanganya. Kuna faili linaloitwa robots.txt, linakaa kwenye mzizi wa tovuti, na linaziambia roboti, yaani programu kama Googlebot, sehemu gani zisiingie. Utaratibu huu ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukatumika kwa mazoea tu karibu miaka thelathini, hadi ulipoandikwa rasmi kama kiwango cha intaneti, RFC 9309, mwaka 2022. Faili hili linafanana na kibao cha "usiingie" mlangoni: mwenye adabu hataingia, lakini hakimzuii mtu kuwaambia wengine kwamba nyumba ile ipo. Ndiyo maana ukurasa uliozuiwa na robots.txt unaweza bado kutokea kwenye matokeo, anwani tupu bila maelezo, kwa kuwa tovuti nyingine zimeuwekea kiungo.

Ukitaka ukurasa usiwemo kabisa kwenye faharasa, unaweka ndani yake agizo la noindex. Na hapa ndipo mtego ulipo. Watu huweka yote mawili kwa pamoja, wakidhani wanafunga mlango kwa kufuli mbili. Lakini kama robots.txt imeikataza roboti kuufungua ukurasa, italisomaje agizo lililoandikwa ndani? Haitalisoma kamwe. Kwa hiyo chagueni. Kama nia ni kuutoa ukurasa kwenye faharasa, iacheni roboti iingie, ikute noindex, itoke nayo. Na kama ni jambo la siri hasa, kama taarifa za wateja, hivi vyote viwili havifai. Weka nywila.

Sababu ya tatu ni ukurasa yatima, ule ambao hakuna kiungo chochote kinachoelekea kwake. Umeuandika, umeuchapisha, umeutuma kwenye kundi la marafiki, basi. Ndani ya tovuti yako yenyewe hakuna ukurasa unaoutaja. Roboti inatembea kwa viungo. Pasipo na kiungo, pana bahati tu. Dawa ni viungo vya ndani, na nitavirudia baadaye. Msaada mwingine ni ramani ya tovuti, faili la XML lenye orodha ya anwani zako. Google walianza kulipokea mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakakubaliana nao kutumia muundo mmoja. Faili moja linabeba hadi anwani 50,000, au megabaiti 50 kabla ya kubanwa, kwa hiyo sidhani kama kuna mtu humu ndani atakayelijaza. Mifumo mingi ya blogu hulitengeneza yenyewe. Wewe unaliwasilisha tu Search Console. Lakini ramani ni dokezo, haiilazimishi Google kukubali chochote.

Sababu ya nne ni anwani nyingi kwa ukurasa mmoja. Ukurasa uleule unafunguka ukiwa na www na bila www, unafunguka kwa http na kwa https, na pengine unafunguka tena ukiwa na mkia mrefu wa alama baada ya mtu kuubofya kutoka mtandao wa kijamii. Kwako ni makala moja. Kwa mashine ni anwani sita. Mwaka 2009 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama iitwayo canonical, ambayo kwayo unasema: kati ya hizi zote, anwani halisi ndiyo hii. Mifumo mingi ya kisasa inaiweka yenyewe. Kazi yako ni kuhakikisha imeandikwa anwani sahihi, na kwamba anwani nyingine zinamhamisha msomaji kwenda kwenye hiyo moja.

Iko sababu ya tano, na hii ndiyo inayowaleta watu kwangu wakiwa wamekasirika. Search Console inakuambia kwamba ukurasa umetambaliwa, lakini kwa sasa haumo kwenye faharasa. Maana yake roboti imefika, imesoma, imeondoka mikono mitupu. Mara nyingi hapa hakuna hitilafu ya kiufundi ya kurekebisha. Mashine imeona kwamba ulichoandika kipo tayari mahali pengine, pengine kwa ubora zaidi, na haikuona sababu ya kukihifadhi tena. Kubonyeza kitufe cha kuomba uingizwe, kila siku asubuhi na jioni, hakusaidii. Andika upya, au unganisha makala tatu nyembamba ziwe moja yenye uzito.

Haya, tuje kwenye swali la kwanza. Wa kwanza kwa swali gani?

Zamani kidogo, kabla ya Google, injini za utafutaji kama AltaVista, iliyoanza mwaka 1995, zilitegemea sana maneno yaliyomo kwenye ukurasa. Watu wakagundua kwamba ukilirudia neno mara mia, unapanda. Wengine waliandika maneno kwa rangi nyeupe juu ya usuli mweupe, msomaji asiyaone ila mashine iyaone. Nasikitika kusema bado nakutana na tovuti zenye ugonjwa huu. Bado nakutana na watu wanaojaza ile sehemu ya maneno muhimu kwenye kichwa cha msimbo, keywords, wanaweka maneno hamsini. Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii kabisa katika kupanga matokeo. Wapo wanablogu waliozaliwa karibu na tangazo hilo ambao bado wanaijaza.

Anza na mtu aliyekaa mbele ya kisanduku cha kutafutia. Tuchukue mfano. Una blogu ya mambo ya usafi wa nyumbani, na unataka kuandika juu ya madoa. Ukiandika makala yenye kichwa "Yote Unayopaswa Kujua Kuhusu Madoa", umemwandikia nani? Hakuna anayeamka asubuhi akataka kujua yote kuhusu madoa. Kuna mtu kalamu imemvujia mfukoni, shati ni jeupe, na saa mbili baadaye ana usaili wa kazi. Anaandika: "jinsi ya kutoa doa la wino kwenye shati jeupe". Huyo ndiye msomaji wako. Anataka jibu kwenye aya ya kwanza: atumie spiriti ya kusafishia, apake namna gani, asisugue kwa nguvu, ajaribu kwanza kwenye upindo wa ndani. Historia ya wino aikute chini, kama anaitaka, na nadhani haitaki.

Maneno ya watu hawa unayapata wapi? Huhitaji programu ya kulipia, ingawa zipo na zingine ni nzuri. Anza kuandika kwenye Google na utazame mapendekezo yanayojitokeza chini ya kisanduku. Yale yanatokana na yanayotafutwa na watu. Tazama maswali mengine yanayoorodheshwa katikati ya matokeo. Soma ujumbe unaotumiwa na wasomaji wako, kwa maneno yao wenyewe, pamoja na makosa yao ya tahajia. Na kama tovuti yako ina umri wa miezi kadhaa, fungua Search Console, sehemu ya utendaji: humo mna orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika na tovuti yako ikatokea mbele yao. Orodha hiyo ni hazina, na inanishangaza jinsi isivyofunguliwa. Ndani yake utakuta maswali ambayo hukuwahi kuyaandikia kabisa, lakini Google inakujaribu kwayo kwa kuwa haijapata mwenye jibu bora. Hapo una kichwa cha makala yako ijayo, umepewa bure.

Kabla ya kuandika, litafute swali hilo mwenyewe, uone kinachotoka. Kama matokeo yote kumi ni video fupi, basi watu wanataka kuona, na makala yako ya maneno elfu mbili itapata shida. Kama yote ni maduka, anayeuliza anataka kununua. Ukipambana na nia ya mtafutaji, utashindwa hata kama umeandika vizuri. Na kama kumi hizo zimeshikwa na tovuti kubwa za miaka mingi, chagua swali dogo zaidi, lenye maelezo zaidi: badala ya "kutoa madoa", "kutoa doa la wino wa kalamu kwenye hariri". Watafutaji ni wachache, lakini watakuja kwako. Tunaoandika kwa Kiswahili tuna nafuu moja hapa: yapo maswali mengi yanayoulizwa ambayo hayajapata ukurasa mmoja wa maana.

Ukishajua swali, weka jibu mahali panapoonekana. Kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea kama mstari wa kubofya kwenye matokeo, kiseme jambo lenyewe, na kila ukurasa uwe na chake. Sijali sana hesabu za herufi. Kichwa kirefu hukatwa kulingana na upana wa skrini, na mara nyingine Google hukiandika upya wakiona hakifai. Yale maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa hayakupandishi daraja. Yanamfanya mtu abofye au apite, na hilo linatosha kuyaandika kwa uangalifu. Anwani ya ukurasa iwe fupi na isomeke. Maneno matano yanayoeleweka yanashinda namba na alama za kuuliza. Vichwa vidogo ndani ya makala vimsaidie mtu aliye na haraka. Picha ziwe na maelezo yake ya maandishi, kwanza kwa ajili ya msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, na pili kwa ajili ya mashine. Ukiwaza kwa mpangilio huo, hutaandika upuuzi kwenye sehemu ile.

Msihangaike kurudia maneno yaleyale. Mashine zimesogea. Oktoba 2019 Google walitangaza kwamba wameanza kutumia mfumo wa lugha unaoitwa BERT, wakatoa mfano ambao naupenda. Mtu ameuliza, kwa Kiingereza, kama msafiri wa Brazil anayekwenda Marekani mwaka 2019 anahitaji viza. Kabla ya hapo, matokeo yalileta habari za Wamarekani wanaokwenda Brazil, kwa kuwa mashine iliona majina ya nchi mbili na neno viza, ikapuuza nani anatoka wapi. Baada ya BERT ikazingatia uelekeo wa safari. Sasa, mashine inayojua nani anakwenda na nani anatoka haihitaji uiambie "doa la wino" mara kumi na saba ndani ya aya tatu.

Nije kwenye viungo, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea.

Mwaka 1998, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walieleza namna ya kupima uzito wa ukurasa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekezea viungo. Waliita PageRank. Kiungo kinahesabiwa kama kura, na kura ya ukurasa wenye uzito ina nguvu kuliko kura ya ukurasa usiojulikana. Wazo zuri. Kilichofuata mnaweza kukibuni: kura zikaanza kununuliwa. Mwaka 2005 ikaletwa alama ya nofollow, ili mwenye tovuti aweze kuweka kiungo bila kukipigia kura, hasa kwenye maoni yaliyokuwa yamejaa matangazo. Aprili 2012 Google wakaleta sasisho la upangaji wao liitwalo Penguin, na tovuti nyingi zilizoishi kwa viungo vya kununua zikaporomoka. Tangu 2019 kuna alama mahsusi, sponsored, ya kuwekwa kwenye kiungo kilicholipiwa.

Na msidhani ukubwa unamlinda mtu. Mwaka 2006 Google waliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo yao, baada ya kukuta kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya roboti, ambazo msomaji akizifungua anapelekwa kwingine. Kampuni ikaziondoa, tovuti ikarudishwa upesi. Wewe na mimi sidhani kama tungerudishwa upesi hivyo.

Kwa hiyo mtu akikuandikia barua pepe kwamba anauza viungo mia tano kwa bei ya chini, futa. Kiungo chenye maana hupatikana pale unapoweka kitu ambacho wengine wanahitaji kukitaja: jedwali ulilopima mwenyewe, picha ulizopiga hatua kwa hatua, maelezo ambayo hayapo kwingine. Ni polepole. Sijui njia ya haraka isiyoumiza.

Lakini viungo vya ndani ni vyako, na nashangaa tunavyovidharau. Ukurasa wako unaosomwa kuliko wote, una viungo vingapi kwenda kwenye makala nyingine ulizoandika? Fungua uangalie. Ukitaja doa la wino kwenye makala ya kufua mashati, weka kiungo hapohapo, na maneno ya kiungo yaseme kinachokuja: "kutoa doa la wino", wala isiwe "bonyeza hapa". Kazi ya jioni moja, na matokeo yake nimeyaona mara nyingi kuliko ya mbinu nyingine yoyote.

Kuhusu kasi na simu nitapita haraka. Google husoma tovuti yako kama inavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo kilichoondolewa kwenye toleo la simu ukihesabu hakipo. Vipimo vyao vikuu ni vitatu: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, kipimo kisizidi 0.1. Kwenye blogu nyingi mkosaji ni picha. Picha imetoka kwenye kamera na megabaiti zake tano, ikapandishwa ilivyo. Ipunguze upana, ibane, taja upana na urefu wake kwenye msimbo ili maandishi yasisukumwe. Tumia https, njia salama ya kufungua tovuti, ambayo imekuwa kigezo kidogo cha upangaji tangu 2014, na cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt. Halafu inatosha. Wapo wanaokesha wiki nzima kutafuta alama 100 kwenye kipimo cha kasi, ilhali hawajaandika makala mpya tangu mwaka jana.

Mtaniuliza kuhusu akili unde. Najua, maana hata kabla sijapanda hapa nimeulizwa. Google hawakatazi makala kwa sababu tu imesaidiwa na mashine. Machi 2024 waliandika sera mpya dhidi ya kuzalisha kurasa kwa wingi kwa lengo la kupanda kwenye matokeo bila kumfaa msomaji, na haijalishi zimeandikwa na programu, na mtu, au na wote wawili. Kwa hiyo kurasa mia tatu kwa usiku mmoja ni hatari, ziwe zimeandikwa na nani. Mei mwaka huohuo walianza, nchini Marekani, kuweka muhtasari wa majibu uliotungwa na mashine juu kabisa ya matokeo, na sasa mtafutaji anaweza kupata jibu lake asibofye popote. Hili linauma, na sitawadanganya kwamba kuna dawa kamili. Maswali ya jibu la mstari mmoja, kama mji mkuu wa nchi fulani au jumla ya siku za mwezi, yahesabuni kuwa yamekwenda. Kinachobaki ni kile ambacho mashine haiwezi kukijua bila mtu kukifanya kwanza. Umelijaribu doa kwa spiriti, kwa maziwa na kwa sabuni, ukapiga picha za vitambaa vitatu? Weka. Sema wewe ni nani na umejuaje. Desemba 2022 Google waliongeza neno uzoefu kwenye mwongozo wa watu wanaowaajiri kukagua ubora wa matokeo. Wakaguzi hao hawapangi nafasi ya tovuti yako moja kwa moja, lakini mwongozo wao unaonyesha mashine inasukumwa kuelekea wapi.

Mwisho ni kupima, na nitasema machache tu ambayo nayatumia mwenyewe. Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16. Kwa hiyo unaweza kulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, jambo la haki zaidi kuliko kulinganisha na wiki iliyopita. Tafuta kurasa zenye maonyesho mengi na mibofyo michache: hizo zinaonekana lakini kichwa hakivutii, au hakijibu kilichoulizwa. Tafuta zilizo kati ya nafasi ya nane na ya ishirini. Hizo zimekaribia, ukiziongezea aya ya jibu la wazi na viungo vya ndani kutoka kurasa zako zenye nguvu, huwa zinasogea. Wastani wa nafasi usikutie presha, kwani ukianza kutokea kwa maswali mapya kwenye nafasi ya sitini, wastani unaanguka ingawa hujapoteza kitu.

Ukikuta kurasa zako mbili zinapokezana kwa swali moja, ziunganishe. Ile dhaifu ielekeze kwenye ile nzuri kwa uelekezaji wa kudumu, unaojulikana kwa namba 301, na uelekezaji huo uuache ukae angalau mwaka mzima. Vivyo hivyo unapobadilisha anwani za makala zako: usibadilishe kwa kupenda tu sura mpya, maana kila anwani iliyovunjika inapoteza viungo ilivyochuma. Na kubadilisha tarehe ya makala bila kubadilisha kilichomo, tuache.

Baada ya kurekebisha, subiri. Google wanasema mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache na mengine baada ya miezi kadhaa. Kwa kawaida mimi huacha wiki kadhaa kabla ya kusema jambo limefaulu au limeshindwa, na sibadilishi vitu vitano kwa siku moja, kwa sababu sitajua kipi kilichofanya kazi.

Dakika zangu zimekwisha na mwenyekiti ameshanitazama mara mbili. Waliokuja na kompyuta wasogee meza ya mbele: tuanze na wale ambao ripoti zao zinasema kurasa zimetambaliwa lakini hazimo, tuzifungue moja moja tuone. Na mwenye tovuti ya WordPress, kabla hujasogea, kaangalie kile kisanduku.